Aliyeitika Adhuhuri

Radek, kijana fundi wa kuchomelea kutoka Poland, alikuja Maskati mwaka 2003 kutafuta kampuni ya kumpa viza ya kazi. Mimi Hasina nilimpangisha chumba nyumbani kwetu Sidab. Kila asubuhi alibisha milango ya makampuni, na adhuhuri alirudi mikono mitupu.

Nikamwonya kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: "Mwanangu, ukiitwa nje adhuhuri, usiitike mpaka umwone anayekuita." Akacheka. Wazungu bwana, vichwa vigumu!

Siku moja, jua la utosini na mtaa mzima umelala, sauti ya kike ikaita nje: "Radushu!"

Radek akaruka kitini, akasema kwa Kiingereza: "Mama yangu tu ndiye huniita hivyo!" Akaitika, akatoka mbio. Nilipofika mlangoni, uchochoro ulikuwa mtupu. Viatu vyake vilikuwa palepale alipovivua.

Tulimtafuta mpaka Yiti, hatukumwona.

Sasa kila adhuhuri nnasikia sauti yake nje ya mlango wangu: "Bi Hasina, nimepata kazi. Nifungulie."

Siitiki. Radek Kiswahili hakukijua hata neno moja.