Meno ya Nkambo

Wiki ileile nkambo yangu, mama mzaa mama, aliposhuka garimoshi kutoka kaskazini, masera wetu, mtawa Mzungu aliyetufundisha, alileta darasani mafuvu mawili: la mbuzi na la mbwa. Tuliyapitisha mkono kwa mkono. Mbuzi hakuwa na meno ya mbele juu, ufizi mtupu tu, lakini nyuma magego yake yalikuwa mapana. Mbwa alikuwa na chonge zilizonitisha.

"Mutazame meno, mutajua munyama anakulaka nini," masera alisema. "Meno mapana, majani. Meno ya kuchongoka, nyama."

Nilirudi kambi ya wafanyakazi wa reli, kwetu, nikiwa nimechanganyikiwa. Meno ya mbele ya nkambo yote yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno.

Jioni mama akapakua bukari, ugali wetu, na nyama ya posho. Nkambo alichukua kipande chake, akakigeuzageuza, akakitia kwenye sahani yangu. Yeye akala bukari kwa mboga ya lengalenga. Kesho yake vilevile. Sasa, kama nyama ya ng'ombe haitaki, anakula nyama gani? Tulikuwa tukilala mkeka mmoja. Nikamwambia mama nataka kulala jikoni. Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nikamuuliza masera: "Na muntu mwenye meno ya kuchongoka, yeye anakulaka nini?"

Shingo yake ikawa nyekundu. "Ile ilikuwa ya zamani, ya bapagani," akasema, akaanza kufuta ubao usio na kitu. Ndiyo kwanza akaniongezea giza.

Jumamosi nkambo alinikuta nyuma ya nyumba nikichambua mboga.

"Unanikimbia juu ya nini?"

"Juu ya meno yako, Nkambo."

Akaketi, akafungua kinywa, akashika kidole changu na kukipitisha juu ya zile ncha. Hazikukata. Akanieleza kwamba kabla hajaolewa, fundi alimlaza chini akamchonga kwa patasi ndogo, jino baada ya jino, shangazi zake wakiimba ili kilio kisisikike. Tangu hapo kitu kigumu kinamuuma, hata nyama.

"Sasa iko ya kula nini?"

"Ya kula? Iko ya kucheka, mutoto yangu! Bwana yangu aliniona minacheka, akatuma bantu kwetu kuniposa."

Sikujua nimweke wapi kila mmoja. Masera hakusema uongo juu ya mbuzi, na nkambo hakunidanganya. Nilijitazama kwenye kifuniko cha sufuria: kinywani mwangu mlikuwa na meno mapana, na ya kuchongoka pia, ambayo hakuna fundi aliyeyagusa.

Nilirudi kwenye mkeka wake. Ila kila alipopiga miayo nilifumbua jicho moja, na mpaka alipopanda tena garimoshi kwenda kwao, mvua zilipokwisha, sikuweza kusema nilikuwa nikingojea nini.