Mwanamke Aliyenirekebishia Taimingi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala binamu wa jirani. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Isiolo, na akili zangu nilikuwa nazo zote. Ukiamini, sawa. Usipoamini, nivumilie hadi mwisho.

Ukame ulikuwa umekaba Sericho, kwa wakwe zangu. Mke wangu Halima hakuwa akilala, akiwaza watoto wa dada yake. Nikaamua kuwapelekea mapipa manne ya maji. Lakini pikapu yangu kuukuu ingeuvutaje mzigo huo kwenye mchanga? Nikaifungua injini mwenyewe. Nikapeleka hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikakwanguliwa ili ibane zaidi, nikafunga kabureta kubwa, nikasogeza taimingi mbele, yaani cheche iwahi kuwasha petroli. Ikawa inaruka kama swala!

Taabu ya injini ya namna hiyo ni kwamba ikipata joto na mzigo, petroli inalipuka ovyo ndani, nayo inaanza kugonga: tiki-tiki-tiki, kama changarawe kwenye mkebe. Ukiiacha igonge, pistoni inatoboka. Kwa hivyo nilifunga kibomba cha shaba kwenye injini, nikakiunganisha na mpira mwembamba uliopenya hadi ndani ya gari, na safari nzima nilikuwa nimeutia mpira huo kwenye sikio la kulia.

Saa saba mchana, nimeshapita Garba Tula, nikamwona mwanamke amesimama kando ya njia. Hakuna boma, hakuna mbuzi, hakuna kivuli. Wewe ungempita? Mimi sikuweza.

"Salaam aleikum, mama. Panda."

"Nagaa," akajibu, yaani amani, akaketi kushoto kwangu.

Tulipofika mwinuko wa mawe nikakanyaga mafuta. Mpirani nilisikia mngurumo wa kawaida tu, nikajisifu moyoni. Ndipo ikaja sauti ya mwanamke: "Inagonga. Rudisha kidogo."

Nikamgeukia. Mdomo wake umefungwa. Halafu yeye yuko kushoto, na sauti imetoka kulia, ndani ya mpira! Wallahi nywele zilinisimama.

Nikasimamisha gari, nikafungua plagi moja. Kwenye kauri yake nyeupe palikuwa na vitone vya kijivu, unga wa pistoni iliyoanza kulika. Ilikuwa inagonga kweli, ila sikio langu halikusikia. Nikalegeza distributa, inayopanga taimingi, nikaizungusha kurudi nyuma upana wa ukucha. Tukaendelea kupanda mwinuko.

"Bado," mpira ukasema.

Nikashuka, nikarudisha tena. Mara ya tatu ukasema, "Haya. Nenda taratibu." Unajua nilifanya nini? Nilicheka, mtu mzima.

Tulipomaliza mwinuko akagonga dirisha. Sasa alisema kwa mdomo wake: "Nishushe hapa."

"Hapa hakuna mtu, mama. Chukua hata maji."

"Maji ni ya watoto."

Akashuka. Niliponyoosha mkono kuvuta mlango nikagusa kiti chake: jua lile la kukaanga yai, na kiti baridi kama mtungi. Nikainua macho. Uwanda mtupu.

Sericho watoto walikunywa hadi matumbo yakawa ngoma. Nikamsimulia baba mkwe.

"Ulimuuliza jina?"

"Hapana, mzee."

"Ndiyo maana umefika. Wa namna ile hawaulizwi jina," akasema, akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia.

Tangu siku ile, sikio langu la kulia husikia injini ikigonga hata gari likiwa ng'ambo ya barabara. Limenilishia familia, maana watu huniletea magari yao nisikilize. La kushoto limeshazeeka, lakini hili bado ni la kijana. Sijui nilipewa au nilikopeshwa, na sijaenda kuuliza. Nimeridhika.

Nawe unayejitengenezea gari, usidanganywe na ukimya wa injini. Fungua plagi uangalie. Na ukimkuta mtu peke yake kwenye uwanda ule jua likiwa kichwani, mpakie, msalimie kwa heshima, mshushe anapotaka. Jina lake mwachie mwenyewe.