Jioni Niliyoacha Kutundika Kitambaa Chekundu

Kosa langu la mwanzo kazini lilikuwa kuandika kipimo ambacho sikukipima. Nilikuwa na miezi mitatu tu katika kituo cha hali ya hewa, pembeni mwa mji wa Mbeya. Shule niliishia darasa la sita. Kazi ya vipimajoto nilijifunza mwenyewe, kitabu cha maelekezo mkono mmoja na kamusi mkono wa pili, kwa hiyo niliogopa sana kuonekana sijui. Mkaguzi Mzungu alipokuja kutoka Iringa alifunua daftari langu, akasema hajaona safi kama hilo. Tangu siku hiyo nafasi tupu ilinitisha.

Majirani wa kituo walikuwa wakulima wa viazi. Miezi ya baridi waliogopa jalidi, umande unaoganda alfajiri na kuunguza majani. Dawa yao ilikuwa kulundika nyasi mbichi kando ya shamba na kuziwasha jioni, moshi ulale juu ya viazi mpaka kuche. Lakini moshi huo ulinifichia mlima wa Loleza, ambao nilipaswa kuutazama kila asubuhi ili niandike hewa ni safi kiasi gani. Nikawaomba wasiwashe ovyo. Niliahidi kutundika kitambaa chekundu uzioni kila jioni yenye hatari. Walikubali, wakaniita Bwana Hewa.

Jirani wa karibu alikuwa mama mmoja mjane. Shamba lake lilikuwa bondeni, ambako baridi hutuama, na viazi vya humo ndivyo vilivyokuwa mbegu yake yote ya msimu uliofuata.

Alasiri moja ya mwezi wa saba nilifungua sanduku la vipimajoto. Vilikuwa viwili: kimoja kikavu, kingine kimevikwa utambi unaonyonya maji, na tofauti yao ndiyo iliyonionyesha ukavu wa hewa. Hewa kavu chini ya anga lisilo na wingu ndiyo huleta jalidi. Utambi ulikuwa umekauka. Kuulowesha na kusubiri kungepitisha saa ya kupima, na ningelazimika kuandika kwamba nimechelewa. Nikanakili tarakimu za jana. Jana kulikuwa na mawingu, na tarakimu zake hazikuonyesha hatari.

Mama yule akapita na wenzake wawili, mzigo wa nyasi kichwani.

"Bwana Hewa, leo hukutundika nguo yako?"

"Leo hakuna haja, mama."

"Mbona masikio yananiuma kwa baridi?"

"Masikio si kipimo, mama."

Wenzake wakacheka. "Msikilize mwenye daftari," mmoja akamwambia. "Leo angalau tutapika bila kukohoa."

Mama akatua nyasi zake pale uzioni, akaenda nyumbani.

Asubuhi majani yalikuwa yakivunjika chini ya viatu vyangu. Mashamba ya mteremkoni yalikuwa yamepona. La bondeni lilikuwa jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto. Mama yule alikuwa amechuchumaa humo, akivunja shina moja moja kutafuta ubichi.

"Vyombo vyako vilisema nini?" akaniuliza bila kunitazama.

Ningeweza kusingizia chombo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Sikupima, mama. Nilinakili ya jana."

"Ulinakili," akasema. Kisha akanipa jembe. "Chimba upande ule, tuone kama kuna kitu."

Tulichimba mpaka jua likawa kali. Viazi vilikuwa vidogo kama gololi. Hakunitukana, na mimi nilitamani anitukane. Mbegu alichangiwa na majirani, na kwa wiki nyingi nilizunguka njia ya mbali nisikutane nao.

Mstari ule wa daftarini niliukata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: "Haikupimwa." Mkaguzi aliporudi alikunja uso, na sikujitetea.

Siku hizi kipimo nilichokikosa nakiachia nafasi tupu, na simzuii mkulima yeyote kuwasha moshi wake.