Paa Linalong'aa

Nikinusa majani mabichi ya kuezekea, mpaka leo huinua macho kutazama paa. Mto ulipofurika Kisangani na kubomoa mtaa wetu, wageni wa mataifa mengi, wazungu wakiwemo, walikuja na mabati, wakajenga pamoja na baba zetu. Tuliringia mapaa yale. Kisha zikaja habari kwamba waasi wanakaribia kutoka ng'ambo ya mto, wanawatafuta marafiki wa wazungu. Asubuhi ileile papa, baba yangu, akapanda juu ya paa, akaanza kuyafunika mabati kwa majani.

"Papa, nyumba iko inavuja?"

"Hapana, mutoto. Iko inaonekana."

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa majani matupu. Tonton, mdogo wake papa, ndiye pekee aliyekataa.

"Bon, mabati mupya hivi, mimi nifiche?" alicheka.

Jua likageukia magharibi. Paa lake likawaka peke yake, likaonekana hadi ng'ambo ya mto.