Mabunda Sita Yaliyopotea Daftarini

Mimi ni karani katika banda la kufungia miraa huko Laare. Juzi mabunda matatu ya Mama Kathure hayakuonekana, nikamwandikia −3. Baadaye yakapatikana yote chini ya majani ya migomba, nikauondoa upungufu kwa kalamu: −3 − (−3). Nikapata −6: kumbe sasa yamepotea sita!

Nikaanza kumchunguza Mama Kathure. Mbona anacheka? Mbona kikapu chake kimefunikwa leso? Mbele ya wafungaji wote nikamwambia, "Mama, hapa mwizi hana kazi. Fungua!"

Nikachakura hadi chini. Nduma tupu, chakula chake cha mchana.

Akalivuta daftari, akalisoma polepole.

"Karani, yale matatu si tuliyaona? Sasa haya sita umeyatoa wapi?"

Nikaikata −6 na kuandika 0, mkono wa pili bado umeshika nduma yake.