Atakapoamka Shinyalu

Mwaka uliofuata uhuru tulihamia Lugari, na mama yangu akakataa kufungua sanduku lake.

Kuhama hakukataa. Alipanda lori pamoja nasi, watoto wanne, kuku saba, na mlango wa nyumba yetu ya zamani ambao baba hakutaka kumwachia mtu. Tulikuwa tumepata kipande cha shamba la mzungu, ardhi tambarare ambayo baba aliipima kwa miguu kila jioni, akifika mwisho anarudi kuipima tena. Shinyalu tulikotoka shamba lilikuwa dogo hata la kugombania halikutosha. Watu walituambia bahati imetuangukia.

Lakini sanduku la mama lilikaa limefungwa kamba. Akihitaji leso alifungua, akatoa, akafunga tena. Sufuria zake zilibaki guniani. Mahindi alipanda kwa sababu baba alipanda, ila mboga za uani hakupanda. Kazi ikipungua hakukaa chini; alizunguka nyumba, akaingia, akatoka, akasahau alichokifuata.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," baba alimtania. "Wewe una miezi mitano. Nikupe nini, trekta?"

Mama hakucheka. Sote tulijua kinachomsumbua, nami kilikuwa kinaniudhi.

Tulikuwa tumemwacha mdogo wetu Shinyalu. Alikuwa kitinda mimba, msichana wa miaka minne. Surua ilimchukua miaka miwili kabla hatujahama, akazikwa nyuma ya jiko, karibu na migomba. Baba mdogo ndiye aliyebaki na boma. Sasa huku Lugari tukapata mchungaji aliyependa kuhubiri siku ya mwisho kuliko siku nyingine yoyote: parapanda italia, makaburi yatapasuka, kila mtu atainuka pale alipolazwa. Wengine waliitikia amina kwa furaha. Mama alisikia jambo moja tu, kwamba mtoto wake ataamka aangaze macho huku na huku, asimwone mtu wake hata mmoja.

Jumapili moja alimngoja mchungaji nje ya ghala la mzungu tulilolifanya kanisa.

"Mchungaji, mtoto mdogo akifufuka na watu wake walishahama, ataenda na nani?"

"Malaika watamchukua, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Malaika wanamjua? Huyu mtoto alikuwa anaogopanga wageni. Hata shangazi yake alikuwa anamliliaga."

Mchungaji alikuwa mtu mwema. Aliihamisha Biblia kutoka mkono huu kwenda ule, akasema ataliombea hilo. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa darasa la saba na nilijua kila kitu. Njiani nikamwambia mama kwamba Mungu si kipofu, na kwamba yeye mama anatuaibisha mbele za watu.

Hakupunguza mwendo. "Umekula asubuhi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi nyamaza."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi; nimelielewa hilo baada ya kuzaa wangu. Wakati ule, niseme ukweli, nilikuwa na wivu. Sisi wanne tulikuwa hai, tunaugua, tunaleta alama nzuri kutoka shule, na bado mama hakutuona. Hakuna aliyejiuliza mimi nitaamkia wapi.

Pasaka ilipofika alisema anakwenda Shinyalu, na baba akaniamuru nimsindikize. Tulipanda basi hadi Kakamega mjini, sehemu iliyobaki tukaikata kwa miguu, nami nikinung'unika njia nzima. Baba mdogo alitupokea kwa kicheko na kuagiza kuku akamatwe. Mama hakuketi. Alipitiliza moja kwa moja hadi nyuma ya jiko.

Kaburi halikuwapo. Baba mdogo alikuwa amelisawazisha na kupanda viazi vitamu, na majani yalikuwa yametambaa mpaka ukutani. Hakufanya kwa ubaya. Shamba lilikuwa dogo, na kaburi la mtoto halikuwa na saruji wala alama.

"Shemeji, mimi nilijua mmeenda kabisa," alisema, kofia mkononi.

Nilingoja mama apige kelele. Nilitaka apige. Badala yake alipiga magoti akaanza kupapasa katikati ya majani, mara karibu na mgomba, mara mbali, na ndipo nikaelewa kwamba hapajui tena mahali penyewe. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi.

Mimi nilipajua. Siku ile nilisimamishwa kwenye kona ya jiko nikakatazwa kusogea, nikakaa nikilitazama lile shimo lililokuwa hatua tatu mbele yangu. Nikaenda kwenye kona, nikahesabu hatua. "Mama, ni hapa." Nikang'oa viazi kwa hasira, sijui nikimkasirikia nani, na nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu ile surua. Mama alinishika kichwa, akakibana kifuani pake, udongo na yote.

Tulirundika tuta upya. Baba mdogo alileta mawe, akayapanga pembeni bila kuambiwa.

Jioni tuliyorudi Lugari, mama alimwekea baba ugali, akamngoja anawe, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Nikifa mnirudishe Shinyalu. Mnizike kando yake."

Baba alirudisha tonge sahanini. Kwetu mke huzikwa kwenye boma la mumewe, na boma la baba sasa lilikuwa hapa. Kipande hiki cha ardhi alikuwa amekingoja maisha yake yote. Majirani angewaambia nini?

"Na mimi?" akauliza. "Nilale huku peke yangu? Nifufuke peke yangu?"

"Wewe ni mtu mzima," mama alisema. "Ukiamka unaweza kuulizia watu njia."

Sisi watoto tuliacha kutafuna. Baba alisukuma sahani kando, nami nikadhani atamkemea.

"Sitauliza mtu," alisema mwishowe. "Nitatoka nije niwapokee. Wewe mshike mkono, mje polepole. Ni mbali kwa mtoto."