Mama Mkwe na Vilima vya Butembo

Mama wa mume wangu alikuja kukaa kwetu Butembo wakati watu walipoanza kuyaacha mashamba ya upande wa Mbau, kule chini kupita Beni. Alikuwa na shamba la kakao ndani ya msitu, mbali kidogo na barabara, na alikuwa akililima tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Hali ya usalama ilipoharibika, jirani zake waliondoka mmoja mmoja. Yeye alibaki mpaka mume wangu alipokwenda kumchukua kwa pikipiki. Alifika na mfuko mmoja, amejifunga kikwembe juu ya kikwembe, miguu yote vumbi. Sikumuuliza mengi. Watu wengi walikuwa wanaingia mjini siku zile, na sisi tulikuwa tumeshajua kumpa mgeni maji ya kuoga kwanza, maneno baadaye.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Ukifungua mlango unaona bonde, na ng'ambo yake vilima, na nyuma ya vilima vilima vingine. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umelijaza bonde lote, vimebaki vichwa vya vilima tu. Mama alisimama mlangoni amevaa triko, sweta nzito ya mume wangu, mikono ameificha kwapani.

"Huku mbingu inashukaka chini kila siku?" akaniuliza.

"Ni ukungu tu, Mama. Kisha kidogo jua litatoka."

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaelekeza kidevu kwenye mikalitusi iliyo pembeni mwa barabara.

"Na ile?"

"Ni kalitusi. Watu wanaikata kwa makala ya kupikia na miti ya kujengea."

"Ile hapana miti," akasema. "Ni fimbo." Akarudi ndani kwenye moto.

Nilizaliwa katika vilima hivyo, na sikumbuki kama niliwahi kuviita vizuri. Vilikuwa kitu cha kupanda na kushuka, na ndoo kichwani, au mtoto mgongoni. Wakati wa mvua vilikuwa matope. Lakini siku ile neno lake liliniuma, na nilishangaa kuona limeniuma. Niliosha vyombo kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika.

Ni kweli kwamba hata mimi nilimtendea hivyo. Nilipoolewa, mume wangu alinipeleka kwao kunionyesha, nikakaa wiki moja katika ule msitu. Sikuweza kuona mbali. Popote nilipogeuka, jani lilikuwa mbele ya uso wangu. Joto lilikuwa linatoka ardhini, na vyura walipiga kelele mpaka kunakucha. Mama mkwe alinitembeza katika kakao zake, akinionyesha matunda mekundu na ya manjano yaliyoshikamana na shina, na juu yake miti mikubwa ambayo vichwa vyake sikuviona. Aliniuliza kama nimependa. Nilijibu ndiyo, lakini nilikuwa ninatafuta mahali ambapo ningeweza kuona anga.

Sasa zamu ilikuwa yake. Vilima vilimchosha macho. Alisema mtu huku anaonekana kutoka kila upande, hana pa kujifunika. Hakuwa analalamika, alikuwa anasema tu, wakati anamenya viazi. Mume wangu alimwambia atazoea. Yeye alijibu, "Ndiyo," na hakuzoea.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni sikumkuta. Niliuliza majirani, hakuna aliyemwona. Nilishuka mpaka kisimani, nikapanda mpaka kanisani, kisha nikaenda kumwambia mume wangu kwenye karakana yake, maana yeye ni seremala. Mama alikuwa huko. Alikuwa amekaa juu ya mbao mpya zilizoshushwa asubuhi ile kutoka kwenye lori la upande wa Beni. Zilikuwa bado mbichi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ubao mmoja, na mume wangu alikuwa anaendelea kupiga randa.

"Mama, nilikutafuta kila pahali!"

"Niko nasikia harufu," akasema. "Batu ba huku banajengaka na miti yetu, lakini kuiona ikiwa muzima hapana."

Nilikaa kando yake. Sikusikia chochote isipokuwa ubao mbichi.

Baada ya hapo nikaamua kumpeleka Lubero. Nilikuwa ninakwenda huko kuchukua viazi vya kuuza, na nafikiri nilitaka kumshinda. Nilijiambia kwamba akiona vilima vya kweli, virefu, vya kijani mpaka juu, atakubali. Tulipanda gari asubuhi, yeye mbele pamoja na dereva kwa heshima, mimi nyuma juu ya magunia matupu. Njia nzima ilinyesha. Kila nilipoinua turubai nililojifunika nione kama anatazama nje, niliona kitambaa chake cha kichwa tu, kimeinama. Alikuwa amelala.

Tulipofika mvua ilikuwa imekatika. Shamba la mama aliyekuwa ananiuzia viazi liko kwenye mteremko mkali, na siku ile wanawake walikuwa wanachimba, wamejipanga kutoka chini kwenda juu. Mama mkwe alishuka garini, akatazama, akashika kiuno.

"Banalima kwa ukuta!" akasema. "Habaanguke?"

"Banazoea, Mama," mwenye shamba akamjibu. "Kuja ujaribu."

Nilidhani atakataa. Akapokea jembe. Akapanda hatua chache, akajiweka kama mtu anavyojiweka kwenye shamba la tambarare, miguu sawasawa, akainua, akapiga. Udongo ulikuwa umelowa. Akaserereka chini polepole, amekaa kitako, jembe mkononi, na viazi vikimfuata, mpaka akaishia kwenye majani ya maharage. Wanawake wakasimamisha majembe. Mimi nilikimbia kumwinua. Nilipomfikia alikuwa anacheka, mkono umefunika mdomo, machozi yanatoka. Wale wanawake wakaanza kucheka pia. Tangu aje kwetu nilikuwa sijamsikia akicheka.

Hakutaka kuinuka mara moja. Alibaki amekaa katika maharage, akapangusa uso kwa kikwembe, na kutoka pale akatazama. Jua lilikuwa limetoka upande mmoja tu wa bonde. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye nyumba za chini, na mashamba yalikuwa yamegawanyika vipande vipande, mengine meusi, mengine ya kijani, mpaka juu kabisa ambako ng'ombe walionekana wadogo.

"Ni pazuri," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini hapana kwetu."

Nilimwambia, "Ndiyo, Mama." Sikuhisi kwamba nimemshinda.

Miezi michache baadaye aliomba twende Beni kwa binti yake. Mume wangu hakupenda, kwa sababu barabara haikuwa salama, lakini alikubali. Tulishuka mteremko wa Kabasha, pale ambapo barabara inajikunja mara nyingi na nchi ya chini inafunguka mbele yako. Mama alivua triko kabla hatujamaliza kushuka, akaikunja, akanipa. "Hii ni yenu," akasema.

Nyumba ya wifi yangu iko ukingoni mwa mji, upande wa mashariki. Nilikaa huko siku mbili. Asubuhi ya pili, baada ya mvua, mama mkwe alinivuta mkono kabla sijanawa uso.

"Kuja mbio. Haikawiake."

Nyuma ya migomba, juu ya mawingu, ambapo sikutegemea kuona ardhi, ulikuwepo mlima. Ulikuwa mweupe juu, na weupe wake haukuwa wa wingu. Nilikuwa nimesikia habari za Ruwenzori tangu shule, lakini nilikuwa sijauona na theluji yake. Wifi yangu alikuwa anafua wala hakuinua kichwa. Tulisimama pale, mama mkwe na mimi, mpaka wingu lilipopita na kuufunika. Aliniangalia usoni kuona nitasema nini.

"Ni pazuri," nikasema.

"Ee," akajibu, akaenda kuwasha moto.

Alibaki Beni. Shambani hajarudi, wanasema kakao zimemezwa na majani. Amepanda miche michache nyuma ya nyumba ya binti yake, na mmoja tayari umefika begani kwake. Mimi nilirudi Butembo peke yangu. Jumapili, baada ya misa, siku hizi ninapanda mpaka kwenye kilele kilicho juu ya mtaa wetu na kukaa kidogo, viatu nimevua. Mume wangu aliniuliza ninafuata nini huko, kwa kuwa kuni hazipo. Nilimwambia ninatazama. Alifikiri kidogo, akaniambia nisichelewe, mvua inakuja.